Gari Halitoki Bila Sababu

Binti yangu alikuwa hajapata hata jina rasmi, na kaunti ilikuwa imeshampa namba. Hilo sikulijua siku ile. Nilikuwa nimelala kwenye hospitali ya kule kilimani, mji uko chini yangu, mto umeganda kandokando na kiwanda kimoja kilichobaki kinatoa moshi, nikajiona malkia. Elsie alitoka na nywele nyeusi tele na hasira za ukoo wa Havrilla. Akanyonya, akalala. Nikamwambia nesi kwamba huyu hatanisumbua. Nesi akacheka, akasema nisubiri afike umri wa kudai simu.

Asubuhi ya kutoka nilikuwa nimeshavaa suruali yangu, mfuko uko mlangoni, kiti cha mtoto cha kwenye gari kiko juu ya kitanda. Akaingia kijana mmoja mwenye koti la heshima, amekumbatia kishikwambi kifuani kama aliyebeba trei ya mayai. Akasema anaitwa Brett Lomax, kutoka Ustawi wa Watoto. Akaniuliza naendeleaje.

"Naendelea kwenda nyumbani," nikamwambia. "Wewe je?"

"Bi Havrilla, kuna jambo dogo. Kila mtoto anayezaliwa kwenye kaunti hii, mfumo wetu unapitia kumbukumbu za wazazi, halafu unatoa namba. Moja hadi ishirini. Ya kwenu imetoka kumi na nane."

"Kumi na nane ndiyo nzuri au ndiyo mbaya?"

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, havikuwa vya theluji. "Kuanzia kumi na saba, mtoto hatoki hospitali mpaka jaji amuone."

Nilicheka. Nakiri nilicheka, maana nilidhani amekosea chumba. Chumba cha pili kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akigombana na mumewe usiku kucha hadi walinzi wakaitwa, nikasema huyu kijana anamtafuta yule. Nikamtajia jina langu tena, herufi kwa herufi. Akaitikia kwa kichwa. Ni mimi.

"Nimefanya nini?"

"Si lazima uwe umefanya kitu. Namba haisemi umefanya. Inasema uwezekano."

"Uwezekano wa nini?"

"Wa mtoto kuja kuondolewa nyumbani huko mbeleni."

"Kwa hiyo mnamwondoa leo, ili asije akaondolewa baadaye."

Nilimwona kabisa kwamba ameielewa, na kwamba hana pa kwenda nayo. Nyuma yake nesi aliyekuwa akicheka nami jana akaingia na kile kitanda kidogo cha magurudumu, hanitazami usoni, akamchukua Elsie mikononi mwangu. Mikono yangu ilibaki vilevile, imekunjwa, haina kitu. Sikupiga kelele. Watu hudhani mama hupiga kelele wakati huo. Mimi nilibaki nimekaa na viatu vyangu miguuni, naangalia kile kiti cha gari.

Wakaniambia naweza kumnyonyesha kwenye chumba cha watoto, nesi akiwa amekaa pembeni. Mwanangu, maziwa yangu, na mtu mwingine analipwa kutazama.

Nilimpigia simu Verna. Sikuwa na mwingine wa kumpigia. Baba yake Elsie alikwenda Dakota kwenye visima vya mafuta, naye akawa kama mafuta yenyewe, humpati mpaka uchimbe. Mama yangu aliondoka na vidonge vya kulevya nilipokuwa na miaka minane, na tangu siku ile nilipochukuliwa na Ustawi, nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki, afisa wangu alikuwa Verna Pruitt. Nilipita nyumba tano za kulelewa. Watu wa nyumba hizo walibadilika, shule zilibadilika, Verna hakubadilika.

Nilipotimiza umri wa kuachwa nijitegemee, kazi yake kwangu ilikuwa imekwisha. Lakini akaendelea kuja. Ni mwanamke mnene, anapumua ngazini kama basi la zamani, na hakuwahi kunikumbatia hata siku moja. Alikuwa anakagua jokofu. Anafungua, anaguna, anafunga, halafu anatoa kwenye begi alichokuja nacho, maana mkono mtupu haulambwi. Kabichi zilizopikwa, zimefungiwa nyama na wali ndani. Pazia. Balbu. Mimba ilipoonekana alileta kitanda cha mtoto, tukakiunga pamoja sakafuni tukibishana juu ya skrubu.

Basi siku hiyo alipanda kilima kwa gari la kaunti, akaingia na theluji mabegani, akamkuta Lomax kwenye korido.

"Wewe mtoto," akamwambia, "hiyo mashine yako imekunywa nini?"

"Bi Pruitt, mimi sijaweka kitu. Imetoka yenyewe."

"Huyu msichana namjua tangu ana mapengo. Hanywi, havuti, anafanya kazi kwenye duka la mikate na anafika mapema kuliko tanuri. Kumi na nane? Mimi nimeona nyumba ambazo mbwa alikuwa ndiye mzazi, zikapata tisa."

"Labda ukiomba ipitiwe upya."

"Itapitiwa. Na wewe utanishikia koti wakati napitia."

Akaja kukaa kando ya kitanda changu. Akaniambia ni kosa, kompyuta imechanganya majina, kuna akina Havrilla wengi mto wote huu. Nilimwamini. Verna akisema jambo, lilikuwa limesemwa.

Jioni ya kuamkia kesi, wakili niliyepewa na mahakama, Bi Oravec, alipata ruhusa tuone kilicho ndani ya ile namba. Tulikaa na Verna kwenye ofisi ya Ustawi, chumba chenye meza ya duara na vichezeo vya watoto ndani ya kapu, kapu lilelile nililochezea nilipokuwa mdogo, maana kaunti yetu hainunui kitu mara mbili. Lomax akageuza skrini ili tuione.

"Mfumo hauelezi kwa maneno," akasema. "Unaonyesha tu vitu ulivyovihesabu. Cha kwanza, mzazi mwenyewe aliwahi kulelewa na Ustawi."

"Yaani niliyotendewa nikiwa na miaka minane," nikasema, "yamehesabiwa kana kwamba nimeyatenda."

"Hicho peke yake si kizito sana," akajibu haraka. "Kizito ni hiki cha pili. Matukio. Kila mara ofisi inapofika kwenye nyumba kwa sababu ya wasiwasi au ombi la msaada, ni tukio. Mtu wa kawaida hana hata moja. Wewe unayo mengi mno, Bi Havrilla. Karibu kila mwezi."

Bi Oravec akanigeukia na jicho la mtu aliyefichwa jambo. "Mbona hukuniambia?"

"Sijawahi kuwapigia simu hata mara moja," nikasema. "Hakuna aliyekuja kwangu."

"Mwanzo wa Desemba," Lomax akasoma. "Ufuatiliaji wa hali ya makazi."

Nikafikiri. Mwanzo wa Desemba upepo ulikuwa unapita dirishani kwangu kama umealikwa. "Mwanzo wa Desemba ni pazia," nikasema. "Verna aliniletea pazia."

"Novemba. Ombi la msaada, chakula."

"Kabichi," nikasema. "Zile kabichi, Verna, zilizomwagika kwenye ngazi."

Nikacheka kidogo, nikamgeukia ili tucheke wote. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameweka viganja vyake viwili juu ya meza, wazi, kama mtu anayepimwa sukari, na uso umemshuka.

"Oktoba," Lomax akaendelea, sauti inapungua. "Wasiwasi juu ya matayarisho ya mtoto."

Kitanda. Hiyo sikuisema kwa sauti.

"Verna," Bi Oravec akauliza polepole, "haya umeandika wewe?"

"Gari halitoki bila sababu," Verna akasema.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa Lomax, na Lomax akafumba macho.

Ikabidi atueleze. Magari ya kaunti yamefungwa kwenye mfumo uleule. Afisa akitaka funguo, lazima achague familia anayokwenda na sababu ya kwenda, kwenye orodha iliyo tayari. Usipochagua, kisanduku cha funguo hakifunguki. Na kwenye orodha ile hakuna salamu. Hakuna kumwangalia mtoto uliyemlea. Kuna wasiwasi, kuna ombi la msaada, kuna ufuatiliaji, kuna dharura. Ofisi nzima wamezoea, mtu anabonyeza kilicho karibu na kidole, anachukua funguo, anakwenda. Gari lake mwenyewe Verna lilikuwa bovu mwaka mzima, giaboksi.

"Nilikuwa nachagua kilicho kipole," akasema. "Sikuwahi kuchagua dharura. Nilikuwa naangalia kipi ni kipole."

Husemwa wema hauozi. Wa Verna ulioza, ndani ya kompyuta, sahani kwa sahani, na mimi nilikuwa nimeula wote na kumrudishia vyombo vikiwa safi. Nilitaka kumkasirikia na sikujua nianzie wapi, maana kila mahali nilipogusa palikuwa na jambo jema.

Verna akajivuta kwenye skrini. "Nisogezee hiyo. Naandika sasa hivi kwamba hazikuwa ziara za kazi. Naandika zote, moja baada ya moja, na saini yangu."

"Bi Pruitt, ngoja," Lomax akasema.

Hakungoja. Aliandika kwa vidole viwili, anapumua, miwani inateleza. Aliandika kwamba Danika Havrilla hajawahi kuomba kitu, kwamba yote ni mapenzi yake yeye Verna, na kwamba kama kuna wa kuulizwa ni yeye. Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuandikiwa na mtu. Akabonyeza kuhifadhi.

Kumi na nane ikapotea. Ikaja kumi na tisa.

Mashine ya kahawa ikawa inakoroma kwenye kona.

"Maelezo mapya," Lomax akasema, karibu kwa kunong'ona, "mfumo unayapokea kama tukio jipya."

"Yafute basi."

"Haifuti. Hakuna anayeweza kufuta. Ilitengenezwa hivyo ili maafisa wasifiche mambo."

Verna alinyanyua mikono yake kutoka kwenye kibodi polepole sana, kama aliyeambiwa chini ya meza kuna nyoka. Sijawahi kumwona na hofu. Nimemwona akiingia nyumba yenye bunduki kunitoa, hakuwa na hofu. Siku ile aliificha mikono mapajani.

Asubuhi mahakamani, Jaji Mrozek alikuwa bibi mwenye nywele fupi nyeupe na kikohozi, na mbele yangu alikuwa ameshamaliza kesi mbili kabla sijapata pa kukaa. Lomax akasoma namba. Bi Oravec akamwita Verna. Verna akasimama akiwa amevaa gauni la kanisani, akaeleza yote kama alivyotueleza, hakujipunguzia hata kidogo.

"Kwenye ziara hizi zote," Jaji akamuuliza, "uliwahi kuona hatari yoyote?"

"Hapana, Mheshimiwa. Niliona jokofu lililopangwa vizuri kuliko langu."

"Kwa hiyo hili ombi la msaada, chakula, lilikuwa nini hasa?"

"Kabichi, Mheshimiwa."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Jaji hakucheka. Akamgeukia Lomax. "Toa hizo ziara za Bi Pruitt. Inabaki ngapi?"

"Haiwezi kutoa, Mheshimiwa. Inajumlisha tu."

"Mjukuu wangu yuko darasa la kwanza, anatoa."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na kaunti imeilipia."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Jaji akavua miwani, akajisugua macho. Akasema hawezi kuamuru mashine isahau, hana mamlaka hayo, lakini ana mamlaka ya kumrudisha mtoto kwa mama yake, na anamrudisha leo, kabla ya chakula cha mchana. Nilisikia sentensi hiyo nikajikuta nimekaa. Bi Oravec akanishika mkono kunisimamisha. Nikamtafuta Verna kwa macho. Alikuwa analia wazi, hajifichi, pua imekuwa nyekundu.

Ningependa hadithi iishie hapo, na ningekuwa na haki ya kuimalizia hapo.

Kwenye korido Bi Oravec alituvuta pembeni, karibu na bomba la maji ya kunywa. Aliongea haraka, maana ana kesi nyingine.

"Sikiliza vizuri, Danika. Mtoto unaye. Namba bado iko kumi na tisa. Tukio moja zaidi ni ishirini, na ishirini haimsubiri jaji. Inamtoa mtoto kwanza, jaji baadaye. Namba inapoa yenyewe ukikaa miaka miwili bila kitu chochote kuandikwa. Kwa hiyo usiombe msaada wowote, hata kwenye ile simu ya bure ya mama wachanga. Na usimfungulie mtu wa Ustawi mpaka awe na karatasi ya jaji."

"Na Verna?"

Bi Oravec hakumtazama Verna. "Hasa yeye."

"Nitakuja na gari langu," Verna akasema. "Nitalitengeneza. Sitagusa funguo zao."

"Gari si tatizo tena, Bi Pruitt, wewe mwenyewe unaijua sheria. Afisa akiingia nyumba yenye mtoto mwenye namba ya juu, awe kazini au amekwenda kuazima chumvi, lazima aandike alichokiona. Ukiandika kwamba hukuona kitu, nalo ni tukio. Usipoandika, siku ukijulikana wanamchukua mtoto, na wewe unapoteza kazi na pensheni."

"Nitaacha kazi."

"Rekodi itakuonyesha wewe ni mtu wa ofisi kwa mwaka mzima baada ya kuacha. Nimeshauliza."

Verna akafunga vifungo vya koti lake hadi juu. Akanirekebishia skafu, akaivuta kwa nguvu kama alivyokuwa akifanya nikiwa darasa la tatu, akaondoka akipita katikati ya watu. Nilikuwa nimepewa mtoto na kunyang'anywa mtu kwenye korido moja, na yote kwa nia njema.

Nikamchukua Elsie. Siku za mwanzo alikuwa malaika, halafu akabadilika. Alianza kulia mchana kutwa, anajikunja miguu tumboni, anakataa ziwa, analishika na kuliachia kama limemchoma. Chuchu zilinipasuka. Nilimbeba nikizunguka chumba, nikamwimbia matangazo ya redio kwa kukosa nyimbo, nikampaka mafuta tumboni. Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Nilidhani ataita watu. Nikawa nafunga madirisha mwanangu akilia, na bafuni nafungulia maji ili sauti isishuke ngazi. Simu nilikuwa naishika na kuiweka. Ile namba ya bure ya mama wachanga imeandikwa kwenye mkebe wa maziwa, kwa rangi ya waridi, na picha ya mwanamke anatabasamu.

Jumamosi moja kabla ya adhuhuri, Elsie akiwa ndani ya kilio, nikasikia ngazini pumzi ninayoijua. Inapanda, inapumzika, inapanda. Ikafika mlangoni kwangu. Mlango ukagongwa mara mbili.

Nikakaa chini sakafuni jikoni, nikamkandamiza Elsie kifuani. Akalia zaidi. Hakuna namna Verna hakusikia.

Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kufungua. Angeingia, angeguna, angemchukua mtoto na kumlaza juu ya mkono wake mnene kwa tumbo, na angejua. Anajua mambo hayo. Angeniambia ninakosea wapi, na kwa nusu saa tungekuwa tumenyamaza wote wawili, mimi na mtoto. Ni kitasa tu kilichokuwa katikati yetu. Nilimwangalia mwanangu alivyopiga ngumi hewani, nikaiona ile namba ikigeuka kwenye skrini, nikabaki chini.

"Danika." Sauti yake ilikuwa ya chini, mdomo uko karibu na mbao. "Mwanangu, uko ndani?"

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nilikuwa jina langu tu, au wewe msichana.

Sikujibu.

Akakaa pale muda mrefu. Nilisikia koti likisugua mlango, kama ameuegemea. Halafu akasema, "Vizuri. Umefanya vizuri. Usinifungulie."

Akaanza kushuka. Nikachukua nepi safi kutoka kwenye rundo, nikaijaza mdomoni na kuing'ata, ili kilio kinachosikika ngazini kiwe cha mtoto peke yake.